Kijana anacheza vizuri mtaani: ana nafasi gani ya kufika Ulaya?

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, swali hili hurudi: kijana wetu anawazidi wenzake wote mtaani, je, anaweza kwenda kucheza soka la kulipwa Ulaya? Linaulizwa Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju. Linaulizwa pia vijijini, ambako mzazi amemtuma mwanawe kwa mjomba Dar es Salaam akatafute timu.

Si swali la ushabiki tu. Ziko familia zinazouza kiwanja, ng'ombe au mazao ya msimu mzima ili kumlipa mtu anayedai ana njia ya kumpeleka kijana majaribio nje ya nchi. Kwa hiyo ni vizuri kujua namna ya kumpima kijana kabla pesa haijatoka mfukoni.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Kipaji humfanya kijana atazamwe. Kinachomvusha ni umri wa kweli, dakika anazocheza dhidi ya watu wazima, na kupanda ngazi moja baada ya nyingine.

Samatta alipitia wapi?

Mfano tulio nao karibu ni Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, wilayani Temeke, aliyezaliwa Desemba 1992. Wengi wanakumbuka alipofika Aston Villa ya Uingereza, lakini njia ya kufika huko ilikuwa ndefu.

Alianzia African Lyon, timu iliyokuwa ikiitwa Mbagala Market, kisha mwaka 2010 akaenda Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Kongo katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe wakamwona kwa macho yao na kumchukua. Alikuwa na miaka 18.

Hakwenda Ulaya mwaka uliofuata, wala ule mwingine. Alikaa Lubumbashi hadi Januari 2016. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika, naye akafunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger ya Algeria. Januari 2016, mjini Abuja, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Mwezi huohuo akasaini Genk ya Ubelgiji, akiwa na miaka 23.

Msimu wa 2018/19 Genk ilichukua ubingwa wa Ubelgiji, na Samatta alifunga mabao 23 ya ligi. Novemba 2019 alifunga bao Anfield dhidi ya Liverpool. Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza. Alikuwa na miaka 27.

Hesabu mwenyewe: tangu aondoke Simba hadi kufika England ni karibu miaka tisa. Kila alipohama, alikuwa tayari ameonekana katika mashindano ambayo klabu inayomtaka inayafuatilia. Hakuna ngazi aliyoiruka.

Swali la kwanza: umri wake ni upi, kweli?

Hapa ndipo vijana wengi wanapokwama. Kijana wa miaka 20 anayecheza na watoto wa miaka 16 ataonekana kama nyota, lakini uhodari huo ni wa mwili uliokomaa. Akikutana na wa umri wake halisi, tofauti inapotea.

Udanganyifu huo pia unagundulika. Kwenye mashindano ya vijana chini ya miaka 17, FIFA na CAF hutumia kipimo cha MRI kupiga picha mfupa wa kifundo cha mkono na kuona kama umekomaa. Klabu ya Ulaya nayo inaponunua kijana inanunua miaka iliyobaki mbele yake. Ikishuku umri, inaachana naye.

Kwa mzazi, dawa yake ni rahisi. Mchukulie mtoto cheti cha kuzaliwa cha RITA mapema, na tarehe hiyohiyo ionekane shuleni, kwenye usajili wa timu na baadaye kwenye pasipoti. Mwalimu au kocha akisema "tumpunguzie miaka miwili", anamfungia mtoto mlango wa mbele.

Swali la pili: anacheza dakika ngapi, na dhidi ya nani?

Mechi za mchangani na ndondo zina raha yake, na zimeibua wachezaji. Lakini video ya kijana akipiga chenga sita kwenye uwanja wa vumbi haimwambii mgeni lolote kuhusu ubora wa waliopigwa chenga. Msaka vipaji anataka kumwona dhidi ya watu ambao kiwango chao anakijua.

Kwa hiyo mpangilio wa nafasi yake, kuanzia chini, uko hivi: mtaani; mashindano ya shule kama UMITASHUMTA na UMISSETA; timu ya vijana ya klabu ya ligi; kikosi cha kwanza cha klabu ya Ligi Kuu; mechi za klabu barani Afrika; timu ya taifa. Kijana aliye kwenye ngazi mbili za kwanza ana ndoto nzuri. Aliye kwenye tatu za mwisho ana nafasi ya kuhesabika.

Tahadhari moja: kusajiliwa na klabu kubwa si sawa na kucheza. Kanuni za ligi yetu zinaruhusu klabu kusajili wachezaji wa kigeni hadi 12. Simba na Yanga hutumia nafasi hizo kwa washambuliaji na viungo waliokomaa. Kijana wa miaka 19 anaweza kukaa benchi misimu miwili hapo, wakati mwenzake aliyekwenda klabu ndogo ya mkoani anaanza kila wiki. Kwa umri huo, dakika zina thamani kuliko jina la jezi.

Swali la tatu: anafanya nini mpira usipokuwa miguuni mwake?

Sisi mashabiki tunatazama mpira. Mtaalamu anamtazama mchezaji. Je, timu ikipoteza mpira anarudi kukaba au anasimama kiunoni? Kabla ya kupokea pasi anageuza kichwa kuangalia nyuma yake? Dakika ya 80 bado anakimbia kama dakika ya 10? Akikosea, anaomba mpira tena au anajificha? Mguu wa pili unapiga pasi?

Mambo haya mzazi au mjomba anaweza kuyaona hata kama hajawahi kuwa kocha. Chukua mechi tano, mtazame yeye peke yake, uandike.

Swali la nne: sheria inamruhusu?

FIFA inakataza mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18. Kuna tofauti chache, kama vile wazazi kuhamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusiana na mpira. Kwa kijana wa Temeke mwenye miaka 15 au 16, maana yake ni moja: mtu anayemwahidi mkataba wa Ulaya mwaka huu anasema uongo.

Ndiyo maana Kelvin John, aliyecheza fainali za Afrika za chini ya miaka 17 zilizofanyika Dar es Salaam mwaka 2019, hakusaini klabu ya Ulaya moja kwa moja. Alikwenda kwanza kusoma Uingereza, katika shule ya Brooke House yenye mafunzo ya soka, na akasaini Genk mwaka 2021 alipotimiza miaka 18. Hata hapo alicheza zaidi timu ya vijana ya klabu hiyo, na mwaka 2024 akahamia Aalborg ya Denmark. Kijana aliyeitwa "Mbappe" tangu utotoni alihitaji muda kama wengine.

Novatus Miroshi naye alitoka Azam, yenye makao yake Chamazi, akaenda Israel akiwa na miaka 18. Akapanda kwenda Zulte Waregem ya Ubelgiji, kisha Shakhtar Donetsk ya Ukraine, ambako alicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2023, halafu Göztepe ya Uturuki. Wapo pia waliokwenda na kurudi: Farid Mussa alitoka Azam kwenda Tenerife ya Hispania, na mwaka 2020 akarejea nyumbani kujiunga na Yanga. Kurudi si aibu, lakini kunaonyesha kuwa kusaini ni mwanzo tu.

Na nchi hazifanani. England hutoa kibali cha kazi kwa alama, na huhesabu mechi za timu ya taifa, nafasi ya taifa hilo kwenye orodha ya FIFA na ubora wa ligi anayotoka. Kwa Mtanzania, Ubelgiji, Denmark, Uturuki au nchi za Afrika Kaskazini huwa ngazi za kufikika zaidi.

Pesa na mtu wa kati

Wakala wa mchezaji anatakiwa kuwa na leseni ya FIFA, na majina ya wenye leseni yanapatikana kwenye tovuti ya FIFA. Mtu asiyekuwemo si wakala. Mchezaji akiwa mtoto, hata mwenye leseni anahitaji idhini ya maandishi ya mzazi.

Wakala hulipwa kutokana na mkataba uliosainiwa. Anayetaka "pesa ya viza", "pesa ya fomu" au "pesa ya majaribio" kabla ya chochote, mwogope. Klabu inayomtaka mchezaji kweli hutuma barua ya mwaliko, na barua hiyo inaweza kuhakikiwa kwa kuiuliza klabu yenyewe kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake, au kupitia TFF. Usitumie namba ya simu uliyopewa na mtu huyohuyo.

Timu ya mtaani nayo ina chake. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kwa mauzo ya euro milioni moja, klabu aliyoichezea msimu mzima akiwa na miaka 14 inastahili euro 2,500, na ile ya miaka 17 euro 5,000. Lakini hulipwa klabu iliyomsajili rasmi. Timu iliyomlea bila karatasi inabaki na kumbukumbu tu.

Sasa tumpimeje?

Chukua maswali manne yaliyotangulia. Kama umri ni wa kweli, anacheza na wakubwa kila wiki, anafanya kazi bila mpira na ametimiza miaka 18, nafasi yake ipo, na hatua inayofuata huenda ikawa Lubumbashi au Casablanca kabla ya London. Kama amejibu moja au mawili tu, hajashindwa. Ana miaka ya kujengwa, na shule iendelee wakati huohuo, maana goti likiumia ndilo litakalobaki.

Kiwanja cha familia kisiuzwe. Kijana aliye tayari, klabu inayomtaka ndiyo hugharamia safari yake.