Vita vya Meli Vilivyopita Nchi Kavu

Katika Vita Kuu ya Pili, Marekani iliunda manowari 175 za aina ya Fletcher, nyingi kwa ajili ya Pasifiki. Kila moja ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 110. Ilishushwa majini, ikapewa mabaharia na mizinga, ikaenda vitani kwa nguvu zake yenyewe. Lakini vita vya meli vilivyougusa mji wetu wa Kindu vilipiganwa karibu miaka 30 kabla ya hapo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, katika Ziwa Tanganyika, na ndani yake hapakuwa na meli hata moja iliyofika ziwani kwa kuelea kutoka baharini. Zote zilipita nchi kavu: vipande vipande ndani ya masanduku, juu ya mabehewa, au zikikokotwa mlimani. Kwa sababu hiyo nasema vita vile viliamuliwa njiani kabla ya kuamuliwa ziwani, na njia mojawapo, iliyo muhimu sana kwa upande wa Kongo, ilipita hapa Kindu.

Maji ya Tanganyika yanatoka kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba, yanapita mbele ya Kindu na kwenda zake hadi Atlantiki. Maji yanapita, lakini meli haipiti. Chini ya Kongolo mto unabanwa na miamba mahali ambapo Wabelgiji walipaita Mlango wa Jehanamu, na chini ya Ubundu maporomoko yanaendelea hadi Kisangani. Kampuni ya reli ya CFL iliundwa kwa ajili ya kuziruka sehemu hizo. Kipande cha Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125, kilifunguliwa mwaka 1906. Cha Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, kilikamilika mwishoni mwa 1910. Cha Kabalo hadi Kalemie, kilomita 273, kilimalizwa mwaka 1915, wakati bunduki zilikuwa zimekwisha anza kulia ziwani. Kati ya vipande hivyo mzigo uliendelea kwa meli za mtoni. Kindu ilikua kwa sababu hiyo: hapa chombo cha majini kilikomea, na gari la moshi likaanzia.

Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, pale Lukuga, ikaiharibu vibaya. Kuanzia siku hiyo ziwa lote, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670, likawa mali ya Wajerumani. Walikuwa na Hedwig na Kingani, meli ndogo zote mbili, lakini kwa kuwa upande wa pili haukuwa na kitu, zilitosha. Kisha wakaongeza ya tatu. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914, na juu yake yalipitishwa masanduku yapatayo 5,000 kutoka kiwanda cha Meyer huko Papenburg. Mafundi watatu wa Kijerumani, pamoja na wafanyakazi Waafrika na Wahindi, waliviunganisha vipande vile hadi ikapatikana Graf von Götzen, meli ya urefu wa mita 70 hivi. Iliingia majini Februari 1915. Juu yake ukawekwa mzinga wa manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji.

Kisa kinachosimuliwa mara nyingi ni cha jibu la Waingereza. Walituma boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja mita 12 tu, chini ya Kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Ziliondoka Uingereza Juni 1915 kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume katika Katanga, na kutoka hapo zikavushwa milima ya Mitumba kwa kukokotwa na injini mbili za mvuke na makundi ya ng'ombe. Wenyeji walifyeka njia na kujenga madaraja zaidi ya 100. Maji ya injini yalipokosekana, wanawake wa vijiji vya jirani waliletwa na mitungi kichwani, wakateka mbali, wakarudi, wakamimina ndani ya matangi. Nikisoma habari za safari ile nasimama hapo. Injini ya mvuke isiyo na maji ni chuma kilicholala. Basi mwendo wa Jeshi la Majini la Kifalme katika milima ile ulitegemea shingo za wanawake, ambao hakuna aliyeona haja ya kuuliza majina yao.

Mimi na Toutou hazikupita Kindu. Zilishuka Lualaba kutoka Bukama hadi Kabalo, zikapanda treni, zikafika ziwani mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, ambayo Waingereza waliigeuza yao na kuiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Ikabaki Götzen peke yake, na hapo Spicer-Simson akasita. Alisita pia mbele ya ngome ya Bismarckburg, Kasanga ya leo, akawaacha Wajerumani watoroke. Vitabu vinapenda kumsimulia kamanda huyu kwa sababu ya vituko vyake, nami naona amepewa nafasi kubwa kuliko kazi aliyoifanya. Kilichoibana Götzen kilitoka upande mwingine, na kilipita kwetu.

Mwanzoni mwa Januari 1916 ndege nne za majini aina ya Short ziliondoka Uingereza kuelekea Kongo. Waingereza walikuwa wamewaazima Wabelgiji ndege hizo. Ukitaka kuona ugumu wa vita vile, fuata masanduku yaliyozibeba. Kutoka Matadi kwa treni hadi Kinshasa. Kutoka Kinshasa kwa meli ya mtoni hadi Kisangani, safari ya kilomita 1,700 hivi. Treni hadi Ubundu. Meli tena hadi Kindu. Hapa Kindu mabawa, injini, maboya ya kuelea, mafuta na mabomu yalishushwa ukingoni na kupakiwa kwenye mabehewa ya Kongolo. Kongolo yakashushwa tena, yakaingia chombo cha mtoni hadi Kabalo, kisha treni ya mwisho hadi Kalemie. Ni vipande saba vya safari, na kila kipande kilimalizika kwa watu kuinua mzigo kwa mikono. Bawa la ndege wakati ule lilikuwa mbao na kitambaa; likiangushwa mara moja, limekwisha, na hakuna duka la kununua jingine. Liliinuliwa na kushushwa kila kituo, likafika.

Mawimbi ya Tanganyika yalikuwa makali mno kwa ndege zile, hivyo ziliwekwa kwenye maji tulivu ya Tongwe, karibu na Mtoa. Zilianza kuruka Mei 1916, miezi minne tangu kuondoka Ulaya, na mnamo Juni zilikuwa zinadondosha mabomu juu ya Kigoma. Wabelgiji walidai kuipiga Götzen. Hata kama madhara hayakuwa makubwa, meli ile ilikuwa imekwisha kudhoofika, kwa kuwa mzinga wake mkubwa ulikwisha ondolewa na kupelekwa kwa majeshi ya nchi kavu. Vikosi vya Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, vilikuwa vinakaribia na reli ya Wajerumani ilikuwa karibu kukatwa. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuipaka injini grisi nzito ili isishike kutu. Siku mbili baadaye Kigoma ilitekwa, na Septemba 19 Tabora ikaanguka. Rubani mmojawapo, Aimé Behaeghe, hakuuona mwaka mpya. Alifariki kwa ugonjwa Desemba 1916 huko Niemba, kwenye njia ileile ya reli iliyoleta ndege yake.

Kuna jambo jingine linalomhusu hasa mtu wa Maniema, mkoa wetu huu. Tazama majina ya meli. Hermann von Wissmann, ambaye jina la ukoo wake lilipewa Hedwig, alipita Nyangwe mwaka 1882 akivuka bara. Von Götzen naye alivuka Afrika kutoka Pangani hadi mdomo wa Kongo mwaka 1893 na 1894, na baadaye akawa gavana wa Kijerumani aliyevizima vita vya Maji Maji kwa moto na njaa. Meli kubwa ambayo Wabelgiji walikuwa wakiiunganisha Kalemie, iliyochelewa hadi vita vya ziwa vikaisha, iliitwa Baron Dhanis. Francis Dhanis ndiye aliyeiteka Nyangwe Machi 1893 na Kasongo Aprili mwaka huo. Hivyo pande zote mbili za ziwa zilizipa meli zake majina ya watu waliopita au kuvamia nchi hii hii.

Na watu wa nchi hii walikuwa pande zote mbili. Biashara ya misafara ilikuwa imewapeleka Wamanyema Ujiji, Kigoma na Tabora tangu karne ya kumi na tisa. Wapo hadi leo, wana mitaa na misikiti. Miongoni mwa askari wa Wajerumani walikuwamo Wamanyema. Upande wa Wabelgiji, vijana wa Kongo ya mashariki walichukuliwa kuwa askari na wapagazi. Wapagazi walioajiriwa au kulazimishwa kwa vita vile katika Kongo wanakadiriwa kufikia 260,000. Kuhara, homa ya mapafu na uchovu viliwaua wengi kuliko risasi. Mtu angeweza kutwishwa sanduku la risasi litakalofyatuliwa kwa binamu yake upande wa Ujiji, wote wawili wakiongea Kiswahili kimoja.

Götzen ilipata maisha ya pili. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza wakaiopoa 1924, wakakuta injini zake zinafaa kutokana na ile grisi, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Imebeba abiria na dagaa kwa miongo mingi, na filamu na vitabu vimetungwa juu yake. Njia ya upande wetu haijaandikwa hivyo. Chuo Kikuu cha Kindu kina wanafunzi, stesheni ya reli iko palepale, na katika Alunguli, Kasuku na Mikelenge wapo wazee ambao babu zao walifanya kazi ya CFL au walichukuliwa kwenda Tabora. Wajukuu hao nao wanazeeka. Kazi ya kuwafuata nyumba kwa nyumba, kuandika majina ya babu zao na kuyalinganisha na daftari za jeshi na za kampuni zilizohifadhiwa Ubelgiji, inahitaji kalamu, simu ya kurekodia na nauli ya pirogi ya kuvuka mto. Ianze mwaka huu.