Kitabu cha Pili cha Askari wa Kambi

Wageni wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huanza kuingia kambi ya Horombo mnamo saa nane mchana. Kila mmoja hupita kwanza kwenye ofisi ya askari, huinama juu ya meza, huandika jina, umri, uraia, kazi anayofanya na jina la kiongozi wake, kisha husaini. Wengi huona ni urasimu tu. Mimi niliyekaa nyuma ya meza ile kwa zamu miaka kadhaa, macho yangu yalikuwa kwenye mkono unaoandika. Aliyeshika kalamu kwa taabu, aliyeruka mstari, aliyeuliza mara mbili leo ni tarehe ngapi, nilimwekea nukta ndogo pembeni ya jina lake. Ikifika saa moja usiku nilikwenda kumtafuta kwenye ukumbi wa chakula nione kama anakula.

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba wewe ni askari wa hifadhi, atakuuliza habari za majangili na bunduki. Hiyo ni kazi ya wenzetu wa doria, na ni kazi nzito. Askari wa kambi ya wapanda mlima hulinda hasa watu wenyewe, na mlima dhidi ya watu. Anakagua vibali, anahesabu walioingia na waliotoka, anahakikisha mifuko ya taka inashuka na waliopanda nayo, anafukuza kunguru wenye shingo nyeupe ambao wameshajifunza kufungua zipu za mabegi. Usiku anasikiliza.

Na analinda moto usiwake. Wanaoishi bondeni hudhani mlima wenye theluji hauungui, lakini juu ya msitu kuna vichaka vya erika vinavyokauka upesi na kushika moto kama karatasi. Oktoba 11, 2020 moto ulizuka Whona, mahali pa kupumzikia kati ya kambi za Mandara na Horombo, ukawaka siku nyingi na kuteketeza zaidi ya kilomita 90 za mraba. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, ukazuka mwingine jirani na kambi ya Karanga. Ndiyo maana kuokota kuni ni marufuku, na ndiyo maana askari humkazia macho mtu anayetafuta kona isiyo na upepo ili apashe chakula moto. Kambi yenye watu zaidi ya mia, kila kikundi na jiko lake, ni hatari inayorudi kila jioni.

Lakini kilichoninyima usingizi zaidi ni hewa.

Watu husema juu ya Kilimanjaro oksijeni ni kidogo, na ni kweli, ila inafaa kuelewa kwa nini. Kiwango cha oksijeni katika hewa ni kilekile asilimia 21, uwe ufukweni Tanga au kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Juu kabisa mgandamizo huo ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi moja inaingiza mapafuni karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unaweza kujirekebisha: unapumua haraka zaidi, figo zinarekebisha uwiano wa asidi katika damu, na baadaye chembe nyekundu zinaongezeka. Unachohitaji mwili ni siku.

Na siku ndizo ghali. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Sasa tazama njia ya Marangu. Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Ni mita 1,000 kila siku, mara mbili ya kinachoshauriwa. Mgeni anayelala usiku wa pili Horombo, akatembea mchana kuelekea kilele cha Mawenzi na kurudi kulala palepale, amejipa nafasi nzuri zaidi kuliko dawa yoyote aliyobeba. Kila niliposikia mtu amefuta siku hiyo ili kuokoa fedha, niliumia moyoni, kwa sababu nilijua nani ataamshwa usiku wa manane.

Dalili za kwanza zinafanana na uchovu wa kawaida, na hapo ndipo watu hujidanganya. Wataalamu hutumia kipimo kiitwacho Lake Louise. Unauliza mambo manne: kichwa kinauma? Tumbo likoje, kuna kichefuchefu, unakula? Uchovu je? Kizunguzungu? Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Kichwa kikiwa kinauma na jumla ikafika 3, huo ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, na mtu huyo hapandi kesho. Viongozi wengi siku hizi hubeba pia kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Kinasaidia, ila kidole chenye baridi hutoa namba ya uongo. Mimi humwamini zaidi mtu anayekataa ugali aupendao.

Kuna hali mbili ambazo hazingoji kupambazuka. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anayumba kama mlevi, anaongea yasiyoeleweka. Unamwambia atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, anashushwa. Ya pili ni maji kujaa mapafuni: mtu anahema akiwa amekaa tu, anakohoa, kifua kinakoroma, midomo inageuka rangi, na hali inazidi kila anapolala chali. Mtungi wa oksijeni hununua muda. Tiba ni kushuka, na kushuka saa hiyo hiyo, hata kama nje kuna barafu.

Hayo yote nilifundishwa nikiwa na mgeni akilini. Aliyenifundisha upande wa pili ni kijana mmoja mgumu.

Wagumu, kwa asiyejua lugha ya mlimani, ndio wapagazi. Mizigo yao hupimwa getini na kikomo ni kilo 20. Katika kitabu kile cha mezani hawasaini. Majina yao yapo kwenye karatasi za msafara, lakini hawainami mbele yako, huwashikishi kalamu, huoni kama mkono unatetemeka. Wakifika kambini wanaanza kazi: jiko, vyombo, na kule Kibo, maji. Kibo hakuna kijito. Maji hubebwa kutoka chini, mahali paitwapo maji ya mwisho, saa kadhaa kabla ya kambi. Mgeni anapolala mchana akingoja safari ya kileleni ya saa sita usiku, kuna mtu anayepandisha madumu.

Jioni moja nilikuwa zamu Kibo. Nilikuwa nimeshapita kwa wageni wote, nimeuliza maswali yangu manne, nimeridhika. Nikapita nyuma ya jiko kumwaga maji niliyonawia. Ukutani kulikuwa na turubai limeviringishwa, nikadhani ni mzigo. Mzigo ukakohoa.

Nilifunua. Kijana alikuwa ameketi, magoti kifuani, kwa sababu akilala pumzi inakata. Nilihesabu pumzi zake huku nikitazama saa, nikazikuta ni nyingi mno kwa mtu aliyekaa. Kucha zilikuwa za buluu. Kiongozi wake akaja mbio, mtu mzima ninayemheshimu.

"Ni mafua, afande. Huyu ana nguvu, kesho atakuwa sawa."

"Mzee wangu, msimamishe atembee mpaka pale kwenye jiwe."

Hakufika. Kijana mwenyewe alinishika mkono akaniomba nisimshushe. Alikuwa na hofu ya kukatwa malipo ya siku zilizobaki na kutoitwa tena msimu ujao. Alikuwa ameficha kikohozi tangu Horombo. Wenzake walijua, wakamgawia mzigo mwepesi kwa siri, jambo la upendo ambalo lingemuua.

Hapa ndipo kazi ya askari wa kambi ilipo, na hakuna mzani wa kuipima. Mamlaka ya kusema "shuka" unayo, na mbele yako wamesimama watu wote wenye sababu nzuri ya kukuomba usiseme. Mgeni amelipa fedha nyingi na likizo yake ni moja. Kiongozi anataka msafara wake wote ufike. Mpagazi ana ada ya shule ya mdogo wake. Ukisubiri wakubaliane, umechelewa. Nilisema ashuke, na nikamwambia kiongozi mbele ya wote kwamba nitaandika ripoti kuwa ameshushwa kwa amri yangu, ili asije akaambiwa ametoroka kazi.

Tulimfunga kwenye machela, ile ya gurudumu moja inayosukumwa na watu mbele na nyuma, tukampa oksijeni, tukawasha tochi za kichwani. Niliita Horombo kwa redio ya upepo. Watu sita walitoka naye, wanne wakiwa wagumu wa misafara mingine kabisa, waliokuwa wameshavua viatu. Nilisimama nje nikazitazama taa zao zikikatiza lile jangwa kati ya Kibo na Mawenzi mpaka zikawa moja, kisha hazikuonekana.

Zamu ile ilipoisha nilishuka Moshi nikanunua daftari la kurasa 96. Tangu siku hiyo, kitabu cha wageni kikishafungwa, nilikuwa nakwenda kwenye vibanda vya wagumu nikiwa na daftari langu, kabla hawajaanza kula. Nilimwomba kila mmoja aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Mwanzoni walidhani natafuta kosa. Baadaye walikuwa wananisubiri, na wengine walinionyesha mwenzao kwa kidevu bila kusema neno.

Ukurasa wa kwanza niliujaza mwenyewe, kwa kumbukumbu ya usiku ule: jina la kijana, umri wake, miaka 22, na mistari miwili. Ameondoka Kibo saa mbili na dakika kumi usiku. Horombo wamempokea saa tano kasoro robo, anahema vizuri, ameomba chai.