Folda ya ofisi imegoma baada ya Windows mpya? Usivunje mlango, piga hodi

Ijumaa moja nilipotoka Msikiti wa Jamia, hapa katikati ya jiji la Nairobi, nilikuta nimepigiwa simu mara saba. Zote za binti wa ami yangu, mwenye ofisi ndogo ya safari za Umra ghorofani, Moi Avenue.

"Kaka, njoo mbio. Pasipoti za watu hazifunguki, na maombi ya viza yanatakiwa leo!"

Jana yake fundi alikuwa amezihamisha kompyuta zake mbili kutoka Windows 10 hadi Windows 11 Pro. Hakukosea. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi zinahama. Lakini nakala za pasipoti zilikuwa kwenye folda ya pamoja, ndani ya kompyuta ya tatu, kuukuu, iliyo pembeni. Kila akiifungua, kioo kilimjibu kwamba sera za usalama zinazuia wageni wasiojitambulisha.

Ndugu msomaji, jibu hilo si hitilafu. Kwa miaka mingi ile kompyuta ya pembeni ilimpokea kila mtu kama "mgeni", bila jina wala neno la siri. Kwetu pwani tungesema watu wanaingia nyumbani kwa wenyewe bila hodi. Tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, Windows 11 Pro haikubali tena kuingia hivyo. Tena inataka mazungumzo baina ya kompyuta yatiwe muhuri ili yasichezewe njiani. Muhuri huo hutokana na neno la siri, na mgeni asiye nalo hana cha kupigia muhuri.

Fundi alikuwa na dawa yake. "Mzee, nazima hizi kinga mbili, dakika mbili tu."

Kijana hakusema uongo, folda ingefunguka. Nikamwonyesha ukutani. Pale palibandikwa karatasi yenye neno la siri la Wi-Fi, kwa ajili ya wateja wanaosubiri. Na Wi-Fi hiyo ndiyo mtandao uleule wa folda. Yeyote aliyekaa kwenye kiti na kompyuta yake angeweza kuzifungua pasipoti zile.

Binti ami akashika kichwa. "Yaani miaka yote hii?"

Naam, miaka yote hii.

Basi tukafanya hivi, nawe ukifikwa ufanye hivi:

1. Hakikisha kompyuta zinaonana. Baada ya kuhama, mtandao wa ofisi huenda ukahesabiwa kuwa wa umma, na kompyuta ikajificha. Ubadilishe uwe wa binafsi kwenye mipangilio. Lakini kwanza watenge wateja kwenye Wi-Fi yao peke yao. Rauta nyingi zina nafasi hiyo.

2. Kwenye kompyuta yenye folda, fungua akaunti ya kila mfanyakazi, yenye neno la siri. Washa ulinzi wa neno la siri kwa folda za pamoja.

3. Mpe mfanyakazi ruhusa sehemu mbili: kwenye kushirikisha folda na kwenye usalama wake. Wengi husahau ya pili. Kisha ondoa ruhusa ya "kila mtu".

4. Kwenye kompyuta mpya, futa majina ya zamani yaliyohifadhiwa, kisha ingia upya. Andika jina la kompyuta yenye folda, mkwaju wa nyuma, halafu jina la akaunti, mfano OFISI\karani. PIN ya kuwashia kompyuta haifai hapa, linatakiwa neno la siri lenyewe.

5. Ikiwa folda imo ndani ya kisanduku cha kuhifadhia data, sasisha programu yake. Kikiwa cha zamani mno hata hakijui muhuri, hamisha mafaili.

Kabla ya Alasiri folda ilikuwa wazi na maombi yameanza kutumwa. Ile kompyuta ya pembeni nimemwambia aibadilishe, kwani Windows 10 bila viraka si pa kuweka pasipoti za watu.

Wako watakaosema ofisi ndogo nani ataivamia? Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupitia tundu la njia ya zamani ya kushirikisha mafaili, kikazifunga hata kompyuta za hospitali Uingereza. Hakikuuliza nani mkubwa nani mdogo. Na hapa Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde.

Lakini kabla ya sheria kuna amana. Bibi wa Lamu aliyeiacha pasipoti yake kwako hakuiacha kwa kila apitaye Moi Avenue. Kompyuta ikikuuliza wewe ni nani, mjibu.