Tuwatembeze Watoto Wetu Wapate Kujua

Wako wazazi wengi wa Kiislamu huku Mara, tangu Musoma mjini mpaka Bunda na vijiji vya Majita, ambao wakisikia habari ya kuwatoa watoto matembezi hudhani kwamba ni jambo la Wazungu, au la matajiri wenye magari yao. Likizo ya shule ikifika, siku za mtoto hugawanyika baina ya chuo cha Kurani asubuhi na mbuzi alasiri, mpaka shule ifunguliwe tena. Chuo ni kizuri, na mbuzi hawajichungi wenyewe. Lakini mtoto wa Bukima atimizaye miaka 14 hali hajaona Butiama, wala hajui dagaa wa kitoweo chake walivuliwaje, huyo tumemdhulumu, nasi tulikuwa na nafasi.

Baadhi ya ndugu zetu waliohamia Uingereza na Marekani huwasomesha watoto majumbani mwao, na matembezi ya kujifunza ni sehemu kubwa ya masomo hayo. Kwetu Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto shuleni akitimiza miaka 7, wala hatumshauri mtu kumtoa mwanawe darasani. Lililo jema katika desturi yao ni hili: baba na mama hujihesabu kuwa ni walimu, siyo wanunuzi wa daftari na sare tu. Na Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Ankabut, ametuamrisha kutembea katika ardhi na kutazama jinsi alivyoanzisha viumbe. Amri hiyo hatuoni kwamba iliwahusu wenye fedha peke yao.

Basi na tuanze na lililo mlangoni petu, yaani ziwa. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake imo Tanzania. Hata hivyo kina chake ni kidogo kwa ukubwa huo, kwani pale palipo virefu kabisa hapazidi sana mita 80. Mpelekeni mtoto mwaloni alfajiri, baada ya sala, mitumbwi inaporudi. Mwacheni aulize mwenyewe. Ataambiwa kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa sababu hufuata mwanga, na kwamba mwezi unapopevuka mbalamwezi huishinda taa, nao wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Hapo mzazi amwulize: je, leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu? Mtoto ataona kwamba wavuvi wa dagaa, wajue wasijue, hufuata hesabu ile ile inayotuletea Ramadhani na Muharramu. Ataonyeshwa na sangara pia, aliyeletwa ziwani na watu katika miaka ya 1950 na 1960, akawala furu wa aina nyingi mno hata wengine hawaonekani tena. Mzee aliyevua tangu ujana atalieleza jambo hilo vizuri kuliko kitabu cha shule.

Twaonya mambo mawili. Kwanza, watoto wasiingie majini kuoga, hasa penye matete na maji yaliyotulia, kwani konokono wa kichocho hukaa huko, na mamba vilevile. Pili, asipakiwe mtoto chomboni bila jaketi la kujiokolea, wala katika chombo kilichojaa kupita kiasi, hata mwenye chombo akiapa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, wakafa mamia. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200 hali nchi kavu ikionekana. Kusema kwamba ajali hutoka kwa Mungu ni kweli, lakini kamba ya ngamia tumeamrishwa tuifunge.

Somo la pili halina nauli hata senti moja. Simamisheni uwanjani kijiti kilichonyoka chenye urefu wa mita moja, mtoto apime kivuli chake kila baada ya dakika 10 tangu saa sita. Kivuli kitafupika, kisha kitaanza kurefuka upande wa pili. Huko ndiko kupinduka kwa jua, na adhuhuri imeingia. Kitakapofikia urefu wa kijiti, pamoja na kile kivuli kilichobaki adhuhuri, imeingia alasiri. Likifanywa jambo hili karibu na tarehe 21 Machi, kivuli cha adhuhuri hakipiti vidole viwili, kwa kuwa tuko karibu sana na mstari wa ikweta. Na mtoto atavumbua jambo ambalo hata watu wazima hulisahau: jua la Musoma hupinduka kiasi cha dakika 20 baada ya lile la Dar es Salaam, maana sisi tuko magharibi yao kwa digrii zipatazo tano na nusu, na dunia huchukua dakika 4 kuzunguka digrii moja. Mwenye kufuturu huku kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam amekula mchana! Twaona kijiti hiki kinastahili kusimamishwa katika kila chuo.

Butiama yataka siku nzima. Pale Mwitongo pana kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999; na pana jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka huo huo. Wako wanaonung'unika kwamba yule alikuwa Mkatoliki, familia ya Kiislamu itafuata nini huko? Twajibu kwamba tunakwenda kusoma historia, hatuendi kuomba kaburi. Baba aliyejitayarisha atawaambia wanawe pia yale ambayo huenda wasiyasome ukutani: kwamba kabla ya TANU kuundwa tarehe 7 Julai 1954, Mwalimu alikabidhiwa mwaka 1953 uongozi wa TAA uliokuwa mikononi mwa Abdulwahid Sykes, na kwamba Waislamu wa Dar es Salaam walimfungulia milango ya nyumba zao. Asiyejua habari hizi na azisome kwanza, kwani mtoto atauliza.

Sasa twasema neno ambalo litawaudhi wengine. Mara nyingi gari hujaa wavulana, na dada zao hubaki nyumbani kupika chakula cha watakaorudi. Hoja inayotolewa ni stara. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alipotaka kusafiri alikuwa akiwapigia kura wakeze, na aliyetokewa na kura akafuatana naye. Binti mwenye kusafiri na baba yake, au kaka yake mtu mzima, amevaa vazi lake la heshima, amepungukiwa na nini? Yeye ndiye atakayekuwa mwalimu wa kwanza wa wajukuu zetu, naye atafundisha kwa kadiri ya alichokiona.

Serengeti tumeiweka mwisho kwa ajili ya gharama. Hifadhi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1951 ina kilomita za mraba 14,763, na lango lake la Ndabaka liko kando ya barabara kuu iendayo Mwanza. Likizo ya Juni hupatana na majira ambayo nyumbu huwa upande huu wa magharibi, karibu na mto Grumeti, na kwa raia kiingilio si kama cha wageni. Kinacholemea ni gari. Kwa hiyo nyumba tatu au nne za msikiti mmoja na zianze kuweka akiba sasa, fedha zikae kwa mtu mmoja mwaminifu na ziandikwe, na akina mama wafunge chakula nyumbani, ili pasiwe na shaka ya nyama njiani.