Kumkanda mtoto ni sawa, kumvuta shingo ni hatari

Mtoto wa wiki tano akianza kulia saa moja jioni na kufika saa nne bila kunyamaza, kila mtu nyumbani hugeuka daktari. Hapa Ronge nimeyasikia yote: ni mchango, ni jicho la mtu, ni maziwa ya mama, au alikaa vibaya tumboni na mgongo wake haujanyooshwa. Hili la mgongo ndilo nataka tulizungumze leo, kwa sababu halitoki tena kwa nyanya zetu pekee. Linakuja pia kwa simu. Video zinasambaa za wataalamu wa ng'ambo wakimbonyeza mtoto mchanga mgongoni na shingoni, huku wazazi wakishangilia. Kinamama wameanza kuuliza kama huduma hiyo ipo Mombasa na nauli ni ngapi.

Huduma yenyewe ni kairopraktiki. Aliyeianzisha ni D. D. Palmer, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895. Palmer alidai kwamba mfanyakazi mmoja wa usafi aliyekuwa na uziwi alianza kusikia tena baada yake kusukuma mfupa wa mgongo uliokuwa umehama. Kutoka hapo akafundisha kwamba karibu kila ugonjwa unaanzia kwenye pingili za uti wa mgongo. Kwa mtu mzima mwenye maumivu ya kiuno, kusukumwa mgongo kunaweza kumpa nafuu, karibu sawa na ile ya mazoezi. Kwa mtoto mchanga, mambo ni mengine kabisa.

Kilio chenyewe kina ratiba yake. Watoto wengi wenye afya huanza kulia zaidi wakifika wiki ya pili, kilio hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua na kwisha kati ya miezi mitatu na minne. Sasa fikiria: mzazi hatafuti dawa wiki ya pili. Anatafuta ameshachoka, wiki ya sita au ya saba, wakati ambapo kilio kinakaribia kushuka chenyewe. Lolote atakalofanya siku hiyo, iwe ni mizizi au safari ya Mombasa, litapata sifa.

Watafiti walilijua tatizo hilo. Mwaka 2012 yalikusanywa majaribio 6 yenye watoto 325 waliotibiwa kwa kusukumwa mgongo na njia zinazofanana na hiyo. Wazazi waliojua mtoto wao ametibiwa waliripoti kilio kimepungua. Ila pale ambapo mzazi hakujua kama mtoto ametibiwa au ameshikwa tu, tofauti iliyobaki haikutosha kutegemewa.

Kuna na suala la mwili wenyewe. Pingili za mtoto mchanga bado ni gegedu kwa sehemu kubwa, kano zake zimelegea, na kichwa ni kama robo ya urefu wake wote. Shingo hiyo haiwezi kujikinga. Huko Australia, video ya mtoto wa siku chache akisukumwa mgongo mwaka 2016 ilizua hasira kubwa. Mwaka 2019 bodi inayosimamia fani hiyo ikawazuia wanachama wake kusukuma uti wa mgongo wa mtoto aliye chini ya miaka 2. Zuio liliondolewa mwishoni mwa 2023, likarudishwa 2024 baada ya mawaziri wa afya kuingilia. Ni haki kusema kwamba uchunguzi uliofanywa huko haukuta watoto wengi walioumizwa. Haukukuta faida ya maana pia, na hilo kwangu linatosha. Kwa nini ulipe ili ujiweke kwenye hatari ndogo isiyo na malipo?

Simaanishi nyanya aache kumkanda mjukuu. Mikono yenye mafuta ya nazi inayopita taratibu mgongoni na miguuni humtuliza mtoto, na humtuliza mama pia. Ninachokataa ni kumning'iniza kwa miguu, kumrusha juu, kumvuta kichwa ili shingo "ikae", na kumpanua nyonga kwa nguvu mpaka isikike mlio.

Hasara kubwa ninayoiona hapa milimani kwetu, hata hivyo, ni ya muda unaopotea. Chukua mtoto aliyezaliwa na miguu kifundo, nyayo zikiwa zimegeukia ndani. Familia huambiwa itakaa sawa akikandwa. Kukanda peke yake hakuirudishi. Tiba yake ilitoka jimbo lile lile la Iowa, lakini kwa mtu mwingine: Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Uhispania. Mguu unanyooshwa polepole kwa mkono, unafungwa plasta, na baada ya wiki plasta inabadilishwa. Mara nyingi zinatosha plasta tano au sita. Watoto wengi hukatwa kidogo mshipa wa kisigino, kwa ganzi ya mahali pale tu. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu mpaka miaka minne au zaidi. Wazazi wengi huchoka hapo kwenye viatu, mguu ukarudi ulikotoka. Kazi hii ni rahisi zaidi ikianza wiki za kwanza.

Shingo iliyoinama upande mmoja nayo mara nyingi ni msuli uliokaza. Mtaalamu wa tiba ya viungo humfundisha mama mazoezi mepesi ya kufanya nyumbani, na wengi hupona kabla ya mwaka. Mkono usiosogea baada ya uzazi mgumu ni neva iliyovutwa. Ukiuvuta tena unaiumiza zaidi. Na mtoto mkubwa mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha, akaanza kuota kibiongo, huenda ana kifua kikuu cha mifupa. Huyo akibonyezwa mgongo anaweza kupooza, ilhali dawa za kifua kikuu zipo.

Matege ya mtoto anayeanza kutembea, kwa upande mwingine, yasikutoe jasho. Mengi hunyooka yenyewe baada ya miaka miwili. Yakizidi, au yakiwa mguu mmoja tu, mpeleke.

Kushuka kwa bodaboda hadi Mwatate, halafu Voi kwenye hospitali ya rufaa ya Moi, ni pesa, najua. Lakini kliniki za chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 unaenda hata hivyo. Mvue mtoto nguo zote, mwonyeshe muuguzi miguu, nyonga, shingo na mgongo, na uombe aandike alichoona kwenye kile kijitabu cha mama na mtoto. Kama kuna kilichopinda, omba barua ya rufaa siku hiyo hiyo. Na kama anayelia ana homa, anakataa kunyonya, anatapika kijani au utosi umevimba, usingojee kliniki wala mkandaji. Ondoka naye usiku huo huo.