China ya Kufuata Mzigo na China ya Kuishi

Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo au Aggrey, Kariakoo, anayefuata mzigo China huijua nchi ile kwa wiki mbili tatu: hoteli ya Xiaobei na masoko ya Sanyuanli mjini Guangzhou, siku chache Yiwu, kisha ghala la wakala anakopimiwa CBM (mita za ujazo) zake. Hiyo ni China ya kweli, ila ni ya mbiombio. Anayehamia Guangzhou kabisa, akapanga chumba na kupata majirani, hukutana na nchi nyingine.

Mji wenyewe una watu zaidi ya milioni 18, zaidi ya mara tatu ya Dar es Salaam. Mgeni aliyepanga nyumba ana saa 24 za kujiandikisha polisi. Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti, na tangu Desemba 2019 mnunuzi wa laini mpya hupigwa picha ya uso. Sisi tuliokwisha kuweka alama za vidole kwa ajili ya laini hatushtuki sana. Kinachoshtua ni uzito wa laini hiyo. Juu yake hukaa WeChat, iliyoanza mwaka 2011, ambayo kwa Mchina ni simu, pochi, benki na tiketi ya treni kwa pamoja. Hata muuza viazi vitamu vya kuchoma barabarani amebandika msimbo wa malipo kwenye toroli lake. Unaskani na kuondoka. Usiku wa manane mwanamke hutembea peke yake, simu mkononi, jambo ambalo pale Msimbazi ningemshauri asilijaribu.

Nyumbani wengi hudhani nchi yenye udhibiti wa habari ni nchi ya watu waliofunga midomo. Si hivyo. Wakazi wa Guangzhou hulalamikia kodi ya nyumba, shule, hospitali na maofisa wa mtaa, kwenye basi na mtandaoni. Julai 2011 treni mbili za mwendo kasi zilipogongana karibu na Wenzhou na kuua watu 40, watumiaji wa mtandao wa kijamii wa Weibo ndio walioibana Wizara ya Reli kwa kufukia behewa ardhini. Januari 2020 daktari Li Wenliang wa Wuhan alisainishwa onyo polisi kwa kuwatahadharisha madaktari wenzake juu ya ugonjwa mpya. Alipofariki Februari 7, mtandao ulifurika majonzi na hasira. Mengi ya usiku ule yalifutwa. Ukurasa wake, hata hivyo, uliachwa, na watu wakaendelea kumwandikia humo kama mtu anayemsalimu jirani: leo mvua imenyesha, nimepata kazi, mke wangu amejifungua.

Kwa nionavyo mimi, Beijing huvumilia manung'uniko ya mmoja mmoja kuliko manung'uniko yanayoelekea kuwakusanya watu. Mambo machache hayana mlango kabisa: mauaji ya Juni 4, 1989, yaliyofuata maandamano ya Tiananmen, hali ya Xinjiang, kejeli juu ya rais. Tarehe ile ikikaribia, hata kialama cha mshumaa huondolewa Weibo. Kazi ya kufuta hufanywa zaidi na kampuni zenyewe, maana sheria imezibebesha dhamana, nazo zimeajiri maelfu ya watu kwa kazi hiyo. Mtumiaji haambiwi mpaka uko wapi, hivyo hujisogeza nyuma mwenyewe, hatua kadhaa zaidi ya alizotakiwa.

Saa moja jioni kwao, saa nane mchana Kariakoo, televisheni ya taifa, CCTV, hutoa taarifa ya habari iliyoanza mwaka 1978, inayorushwa na karibu vituo vyote vya majimbo. Mpangilio haubadiliki: viongozi na mikutano yao, kisha mafanikio ya nchi, na mwishoni dunia ya nje yenye vita na mafuriko. Mtanzania hahitaji kufundishwa kuutambua mpangilio huo. Afrika huonekana humo kwa madaraja, reli na shukrani, na TAZARA haikosi. Makaburi ya wataalamu wa Kichina pale Gongo la Mboto, wilayani Ilala, ambayo Waswahili wengi hupita bila kuyajua, Wachina huyakumbuka kila mwaka.

Lakini Aprili 2020 Waafrika walipofukuzwa kwenye nyumba na hoteli za Guangzhou kwa hofu ya korona, wengine wakalala nje, mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya malalamiko. Video zilifika Dar es Salaam kwa WhatsApp upesi. Jirani Mchina niliyemsimulia alidhani nimezua. Hakuwa mtu mbaya. Habari hiyo ilikuwa haijamfikia.

Na isingemfikia kirahisi. Facebook ilizuiwa mwaka 2009, Instagram 2014, WhatsApp 2017, Wikipedia ya lugha zote 2019. Anayetaka kuruka ukuta huu wa mtandao hutumia VPN isiyo na kibali, na wapo waliotozwa faini. Laini ya Tanzania iliyowekewa roaming hupita bila taabu, kwa kuwa data yake huzungukia nyumbani. Bei ndiyo taabu.

Habari za China kuja kwetu, njia ni nyeupe. Redio ya Beijing ilianza kutangaza kwa Kiswahili Septemba 1961, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, na Rais Xi Jinping akaitaja hotubani Dar es Salaam Machi 2013. Mwaka 2017, katika mkutano wa nchi hizi mbili uliofanyika Dar es Salaam, naibu waziri wetu alisifu jinsi China ilivyozuia mitandao ya kigeni na kuweka ya kwake. Sifa hiyo ilisahau nusu ya hesabu: China ilikuwa na Weibo, Taobao na WeChat za kuwapa watu wake. Intaneti ilipozimwa Tanzania Oktoba 29, 2025, muuza viatu wa Kariakoo anayetegemea Instagram hakupewa kitu badala yake.

Anayejiandaa kwa maonyesho ya biashara ya Canton, huko Guangzhou, ya Oktoba azingatie jambo moja. Watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walionyesha kuwa akaunti ya WeChat iliyofunguliwa kwa namba ya China hubaki chini ya udhibiti hata mwenyewe akirudi kwao na kubadili namba. Kama yako ulifunguliwa hivyo na wakala, fungua nyingine kwa namba ya Tanzania, na risiti na makubaliano ya mzigo yatolee nakala nje ya simu, kwa sababu akaunti ikifungiwa, mawasiliano yako na kiwanda hufungwa nayo.