Wingu la Shimba na mwalimu wa kiti cha kulia

Siku za mvua, ukisimama stendi ya Kombani ukatazama upande wa Kwale, huenda usivione vilima vya Shimba. Hewa yenye unyevu kutoka baharini hugonga vilima hivyo, vyenye kimo cha zaidi ya mita 400, ikapanda, ikapoa na kugeuka wingu. Dereva wa matatu atawasha taa apande polepole. Rubani hana kando ya barabara pa kuegesha.

Oktoba 28, 2025, ndege aina ya Cessna Caravan iliyopaa Diani kwenda Kichwa Tembo, Maasai Mara, ilianguka Tsimba Golini, si mbali na hapa, na wote 11 waliokuwamo wakafa. Chanzo tuwaachie wachunguzi. Swali la raia ni jingine: rubani hufundishwaje kupita asipoona?

Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu marubani 20 wasiofunzwa kuruka kwa vyombo. Walipozibiwa macho wasione nje, wote ndege iliwashinda, kwa wastani wa sekunde 178. Sikio la ndani humdanganya mtu kwamba yuko sawa ilhali ndege imelala ubavu. Dawa ni kuamini vipimo vya dashibodi, na imani hiyo hujengwa na mwalimu.

Viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, ambalo Kenya ni mwanachama, vinamtaka mwanafunzi anayetafuta hati ya kuruka kwa vyombo awe na saa 50 za safari za mbali akiwa yeye ndiye nahodha, na saa 40 za kuruka kwa vyombo. Nyingi kati ya hizo 40 zaweza kufanyika ndani ya mashine ya kuigiza, iliyo sakafuni. Lakini saa 10 lazima ziwe angani, mwalimu yuko kando.

Wamarekani wamekaza zaidi. Wao wanadai safari moja ya maili 250 za baharini, yaani takriban kilomita 463, pamoja na mwalimu, kwa mpango wa safari uliowasilishwa kwa waongoza ndege, na kila uwanja ushukiwe kwa vyombo, kwa jumla ya mbinu tatu tofauti safarini. Wala si mwalimu yeyote: aliyezoea kufundisha kupaa na kutua tu hatoshi, sharti awe na idhini ya kufundisha kuruka kwa vyombo.

Kwetu, uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Mombasa ni kama maili 230 za baharini, kwa hiyo ukiongeza Malindi umevuka kiwango hicho. Safari kama hiyo ina mengi: unaanzia uwanja ulio takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, unashuka hadi pwani, unabadilisha kipimo cha mgandamizo wa hewa, unakabidhiwa kutoka waongoza ndege wa Nairobi hadi wa Mombasa. Katikati ya hayo, mwalimu ananyoosha mkono, anabandika kidude cha mpira juu ya kioo cha upeo bandia na kusema, “Hiki kimekufa. Endelea.”

Kwa maoni yangu, safari moja haitoshi. Ada ya saa ya ndege ni kubwa, najua, na anayejilipia atatamani kuzungukazunguka karibu na uwanja, macho yamezibwa kwa kofia maalumu. Ila kofia hiyo haitikisi ndege, na mwanafunzi anajua akiivua ataona ardhi. Wingu halivuliwi.

Tena hati yenyewe haifungui kila uwanja. Ukunda, uwanja wa Diani, haina mitambo ya redio ya kumwongoza rubani hadi njia ya kutua, ile ILS iliyopo uwanja wa Moi, Mombasa. Mwalimu mzuri atauliza mapema, ndege ingali juu ya Voi: “Ukunda imefunikwa, utafanyaje?” Jibu ni kugeukia Moi, hata kama abiria watanung'unika kwa kuongezewa safari ya gari hadi Diani.